Taa Nyekundu Chini ya Plasta

Figo za Bibi zilikuwa zimechoka. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alipelekwa hospitali kusafishwa damu. Binti yake aliendesha pikapu, mkwewe alikaa kando. Njiani palikuwa na mlima mrefu.

Jumanne hiyo, mlimani, injini ilianza kugonga. Ko, ko, ko.

"Kuna mtu anabisha hodi," Bibi alisema. "Mfungulieni."

Mkwe alicheka. Binti hakucheka. Keshokutwa ilikuwa Alhamisi, na Bibi hakuweza kukosa siku hata moja.

Jioni Binti alimwita jirani yao, fundi wa injini. Fundi alizungusha ufunguo, akatazama dashibodi, akabandua kipande cha plasta ya vidonda. Chini yake taa nyekundu ya oili iliwaka.

"Nani kaiziba?"

"Mimi," Mkwe alijibu. "Ilimtia Mama hofu."

"Ndugu yangu, kazi yake ni hiyo hiyo."

Binti alimkata mumewe jicho.

"Si pampu ya oili tu?" Mkwe alijitetea. "Nimenunua kubwa, ya lori. Itasukuma kweli kweli."

"Tuiulize injini kwanza."

Fundi alifunga geji ya kupima presha ya oili. Injini ikiwa baridi, mshale ulisimama vizuri. Ilipopata moto, mshale ulishuka, ukashuka, ukakaribia sifuri. Ko, ko, ko. Fundi akazima upesi.

Akamwaga oili, akapasua filta. Ndani mling'aa chembe za rangi ya shaba.

"Hizi ni beringi zinazoshika kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini," alisema. "Zimelika. Nafasi imepanuka, oili inatoroka. Pampu kubwa haitaziba nafasi hiyo."

"Na Alhamisi?" Binti aliuliza.

"Beringi ikiikamata kranki mlimani, injini imekufa. Mtabaki barabarani na mgonjwa."

"Labda tukienda polepole..." Mkwe alianza.

Binti alichomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Alhamisi tunakodi teksi. Gari hili haliendi popote."

Kesho yake fundi alifungua injini kwa chini. Beringi mbili zilikuwa zimelika hadi kwenye shaba. Aliipima kranki, ilikuwa nzima. Lakini chembe zilikuwa zimeikwaruza pampu ya zamani pia.

"Basi tufunge yangu," Mkwe alisema.

"Irudishe. Pampu huchaguliwa kwa namba ya injini, si kwa ubabe. Matundu yalingane, na chujio lake la kunyonyea oili likae kimo kile kile."

Mkwe aliandika namba kiganjani, akaenda dukani. Safari hii alileta inayofanana.

Ijumaa mchana fundi alifunga beringi mpya, akasafisha njia zote za oili, akaijaza pampu oili kabla ya kuifunga. Kisha akakata dizeli, akaizungusha injini bila kuiwasha, oili ipande kwanza.

Mshale haukusogea. Sekunde tano. Kumi. Akapumzika, akazungusha tena.

Mshale ukatikisika, ukapanda.

Fundi akafungua dizeli, akawasha. Nusu saa nzima walisimama wakiukodolea macho. Injini ilipata moto, mshale haukushuka.

Jumamosi Bibi alifika mapema, akalala kwenye kitanda cha hospitali, damu yake ikipita kwenye mashine. Nje, Mkwe alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akapima.

"Si umepima nyumbani?" mkewe alimuuliza.

"Nimepima," alisema. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."