Shabiki wa Kando ya Tanuri

Ndoo ilikuwa ya moto. Mwoka mikate aliigusa bila kukusudia alipoinama kuokota kibati, akaondoa mkono haraka kama mtu aliyegusa shavu la mgeni gizani. Tanuri lilikuwa halijawashwa. Kuni zilikuwa bado nje, zimelowa umande, na chumba kizima cha kuokea kilikuwa na baridi ya alfajiri. Ila ndoo ile kuukuu iliyopinduliwa kando ya tanuri, ambayo marehemu baba yake aliikalia akisikiliza mpira redioni, ilikuwa na joto la kitu kilichokaliwa usiku kucha.

"Paka," alijiambia, akaanza kukanda.

Siku hiyo unga haukuumuka. Alibadilisha hamira, akabadilisha maji, akafunika beseni kwa blanketi, na bado unga ulilala chini kama aliyekata tamaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba jana yake Bluu, timu ya mji, walikuwa wamefungwa. Bluu kufungwa halikuwa jambo la kukumbukwa.

Mji ule ulikuwa wa Bluu, na mji wa upande wa pili wa daraja ulikuwa wa Njano. Miaka nenda miaka rudi, Bluu hawakuwahi kuwafunga Njano, na watu walilizungumzia jambo hilo kama wagonjwa wanavyozungumzia mgongo. Mwoka mikate aliitwa Hamira kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuumuka ikitajwa timu yake. Mkewe alizaliwa ng'ambo ya daraja, katika nyumba ya Njano watupu, na mdogo wake alikuwa golikipa wao. Majirani waliiita ndoa hiyo Sare. Binti yao mdogo aliitwa Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza kushona haukatiki uzi.

Bluu walipofungwa tena, mke ndiye aliyenusa. Alikuwa akipanga mikate rafuni, na katikati ya ule utamu wa mkate mpya ikapita harufu ya majani yaliyokatwa na dawa ya kuchua misuli, kali, kama ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Umejichua?" alimwuliza mumewe.

"Nijichue nini? Mimi nakanda, sikandwi."

Jioni ile Cherehani alikuwa akisimulia habari za mwalimu wao aliyekalia chaki. Alifika pale mwalimu anapogeuka ubaoni, kisha akanyamaza. Mdomo uliendelea kwenda kidogo, kama gurudumu la baiskeli iliyoangushwa, halafu nao ukasimama. Daktari alimulika koo, akasema ni zuri kuliko lake. Sauti ilirudi yenyewe katikati ya wiki. Bluu walipofungwa mara nyingine, ilichelewa zaidi kurudi, na ilirudi ikikwaruza.

Alfajiri moja ya siku hizo za kimya mke aliamka akakuta upande wa mumewe mtupu, akasikia, kutoka chumba cha kuokea, sauti ya binti yake ikiongea, akafurahi, akateremsha miguu sakafuni, akanyoosha mkono kutafuta khanga yake, na mkono huo ukaangukia juu ya nywele za Cherehani mwenyewe, aliyekuwa amelala palepale kando yake, macho wazi, midomo imefungwa, akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikinong'ona nyuma ya ukuta kwa uchovu ambao mtoto hawezi kuwa nao: "Pasi. Mpe huyo. Mpe huyo wa kulia. Ah, hapana. Hapana, hapana."

Hamira alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuokea, ameshika koleo la mikate kama mkuki.

"Kuna nani humo?" mke alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Sijauliza kama kuna mtu."

Mganga waliyemwita alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye miwani, asiyejua lolote kuhusu mpira. Alifukiza ubani mchana kweupe, akaketi sakafuni mbele ya ndoo, akaiangalia kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kutafuna.

"Nani wewe?"

Majivu yalianguka ndani ya tanuri. Kisha, kutoka usawa wa ndoo, sauti ya Cherehani ikatoka, huku Cherehani mwenyewe amesimama nyuma ya mama yake, ameshika gauni lake kwa mikono miwili.

"Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

"Na Bluu."

Hamira alifungua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu.

"Nilikuwa napita," sauti iliendelea. "Mzee alikuwa ameketi hapa, anakohoa. Alisema, yeyote anayenisikia anishikie nafasi hii mpaka Bluu wawafunge Njano. Nikasema nitashika. Nilidhani ni jambo la siku chache."

"Na sauti ya mtoto?"

"Nafasi ya mzee haishikwi kimya. Yeye alilalamika, nami sharti nilalamike. Sina sauti, naazima. Kila tukifungwa nahitaji zaidi. Siku moja nitasahau kurudisha."

Mganga alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kisha akawatoa wote nje, uani, akasema kwa sauti ya chini:

"Huyu simfukuzi. Jini anayeng'ang'ania watu hufukuzwa. Huyu nyinyi ndio mnaomng'ang'ania. Amefungwa na neno la mzee, na neno la mzee linashikiliwa na mrithi wake. Njia ni mbili. Ama hao vijana wenu washinde, ama wewe mwanangu uitoe timu moyoni. Useme mbele za watu kwamba wewe si wao, uvae nguo ya wale wengine. Na umaanishe."

"Hiyo ya pili ni rahisi," mke alisema.

Hamira alitazama viatu vyake, vilivyojaa unga. "Tungoje mechi."

"Baba Cherehani."

"Mechi ya Njano imekaribia. Tungoje tu. Safari hii tuna mshambuliaji mpya."

Mganga aliwatazama kwa zamu. "Hivi huo mpira," aliuliza kwa upole, "wakishinda, nyinyi mnapata nini?"

Hamira aliinama, akaanza kupangusa viatu.

Si vyema kumcheka Hamira upesi. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia yote siku za mechi. Mtoto aliyebebwa mabegani hadi uwanjani, akashika masikio ya baba yake kama usukani, akasikia kifua kile kigumu kikicheka chini yake, hawezi akaambiwa avue hilo kama koti. Mkewe aliyajua hayo. Lakini alikuwa pia anamvisha kila asubuhi binti asiyeweza kusema kwamba kifungo kinambana, na kila alipomtazama mumewe akipuliza moto hasira ilimpanda. Dawa ilikuwapo. Ilikuwa maneno machache na shati. Na mumewe alikuwa anangoja mshambuliaji.

Basi mke alivuka daraja kwenda kwa mdogo wake. Golikipa alikuwa uani kwake, anafua glovu katika karai, dada yake alipomwomba awaachie Bluu goli moja.

"Dada, unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekaa kwanza."

Alikaa. Alimweleza yote, tangu ndoo. Mdogo wake aliendelea kufikicha zile glovu mpaka povu likaisha.

"Shemeji hawezi kusema maneno mawili?"

"Hawezi."

"Na mimi niliye na mikono hii ndiye ninayeweza." Alicheka kidogo, bila furaha. "Sikiliza. Mpira wa kawaida sitauachia, hata nikitaka mikono itanisaliti. Lakini penalti ni kubahatisha. Wakipata penalti, naweza kubahatisha vibaya. Kwa ajili ya mjomba wangu yule mdogo." Ndivyo alivyomwita Cherehani, naye Cherehani alimwita hivyohivyo.

Siku ya mechi walikwenda wote watatu. Sauti ya mtoto ilikuwa imerudi juzi tu, nyembamba, naye alikaa katikati ya wazazi akiitumia kwa uangalifu, kama mtu anayetembea na kikombe kilichojaa. Hakuna aliyefunga mpaka mchezo ukakaribia mwisho. Ndipo beki wa Njano akaushika mpira kwa mkono ndani ya boksi, na refa akapuliza.

Mshambuliaji mpya aliuweka mpira, akarudi nyuma. Kabla hajaugusa, golikipa aliruka kushoto, mapema mno, akalala chini kama mtu aliyefika kitandani. Goli lote likabaki wazi. Mtoto angeweza kufunga. Bibi kizee angeweza kufunga.

Mshambuliaji aliupiga juu. Mpira ulipaa juu ya mwamba wa goli, ukapaa juu ya ukuta, ukaangukia barabarani, ambako gari liliupigia honi.

Golikipa alibaki chini, akafunika uso kwa glovu. Watu wa Njano walidhani anashukuru.

Muda mfupi baadaye Njano walipata kona, wakafunga kwa kichwa. Ile kelele ya upande wa pili ilipolipuka, mke aligeuka, akamwona binti yake amefungua mdomo na mishipa ya shingo imemsimama, anapiga yowe kwa nguvu zake zote, na hakuna kinachotoka, wala pumzi, na macho yake yamewatazama wao wawili, kwanza mama, kisha baba, na kwa baba yakakaa.

Hamira aliinuka. Aliteremka ngazi bila kumwambia mtu, akapenya hadi kwenye mlango wa wachezaji, na mchezo ulipokwisha akarudi ameshika jezi ya shemeji yake, njano, imelowa jasho. Aliivaa kwenye lango la kutokea, mahali ambapo kila mtu wa Bluu alipaswa kupita.

"Mimi si wa Bluu," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mimi si wa Bluu. Baba yangu alikuwa wao. Neno lake nalirudisha. Aliyeshika nafasi aende zake."

Watu walisimama. Muuza magazeti, rafiki yake wa toka shule, alimtazama juu hadi chini.

"Hamira, umechacha?"

"Mwacheni, mke ameshinda ugenini," mwingine alisema, na wachache wakacheka. Wengi walipita kimya, na hicho kimya ndicho kilichomwinamisha. Alisimama hapo mpaka wa mwisho alipopita, machozi yakimtoka waziwazi, na mkewe aliyekuwa amemkasirikia majuma yote hayo alishindwa kumkasirikia tena.

Cherehani alimvuta ile jezi.

"Baba," alisema, "hii nguo inanuka."

Nyumbani walikuta ndoo ni baridi. Unga wa kesho yake uliumuka mpaka ukasukuma blanketi. Wateja walipungua kwa muda, wengine wakinunua mkate kwa kuutupia macho kama ushahidi, kisha wakarudi, maana mkate ni mkate. Msimu ukaisha, mwingine ukaanza. Hamira hakutaja mpira. Redio ilipotangaza matokeo aliizima. Mkewe alimwona jinsi anavyokanda Jumamosi mchana, akipiga ule unga kuliko inavyofaa, akamhurumia, na hakusema kitu, kwa sababu binti yao alikuwa akiongea.

Jumamosi moja Hamira alisema anakwenda kutafuta kuni.

Mke na binti walikuwa jikoni wakichambua mchele. Cherehani alikuwa na habari ndefu ya mwanafunzi mgeni aliyedai kwao wana mbuzi anayejua kufungua mlango. "Nikamwambia mbuzi hana mkono, akasema anatumia pembe, nikamwambia basi alete huyo mbuzi, akasema mbuzi amesafiri, mimi nikamwambia..."

Juu ya mapaa, kutoka upande wa uwanja, likapita guno la watu wengi, lile guno zito la kufungwa.

Mdomo wa Cherehani uliendelea kwenda. Mama yake alisubiri neno. Alisubiri huku mkono wake ukiwa bado ndani ya sinia, vidole vimezama kwenye mchele, akimtazama mtoto akijigusa koo, na polepole, kupitia mlango wa chumba cha kuokea uliokuwa umefungwa tangu asubuhi, harufu ya majani yaliyokatwa ikaingia, ikajaa jikoni, ikakaa.

Hamira alirudi jua likizama. Hakuwa na kuni. Begani alikuwa na chokaa nyeupe, ya ukuta wa uwanja.

"Nilisimama nje tu," alisema alipoona uso wa mkewe. "Nje ya ukuta. Sikuingia. Sikuona hata..."

Akamwona mtoto.

Ndipo sauti ya Cherehani ikasikika kutoka kando ya tanuri, nyuma ya mlango, ya chini na ya kuchoka, kama mtu anayesema na aliyeketi naye miaka mingi.

"Kona ile ilikuwa yetu."

"Ilikuwa yetu kabisa," Hamira alijibu, kabla hajajizuia.