Cheti cha Kifutio

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni, gizani, alfajiri. Katika chumba cha pili Kifutio, mashine ya kufutia diski, kilikuwa kimeshawashwa. Fundi wake, Sekela, aliwaambia wateja wote jambo moja: ukifuta kwa kompyuta unaondoa jina la faili tu, kama kung'oa namba ya nyumba, wenyewe bado wamo ndani. Kifutio huandika sifuri juu ya kila chembe ya diski, mara tatu, na hapo hakuna fundi wala roboti atakayerudisha kitu.

Mlango ukagongwa. Meneja Lugano wa mtambo wa mvuke akaingia na diski kuu kuukuu mkononi, bintiye wa miaka minne, Tusekile, amelala begani.

"Shemeji, nifutie hii upesi. Wakaguzi wanafika saa mbili."

"Leo mimi shemeji? Msibani uliniita mjane wa mlevi."

Lugano akamsogezea diski. Ni yeye aliyezima king'ora cha hatari ili mtambo usisimame. Ambakisye, mume wa Sekela, akaungua humo hadi kufa, na ripoti ikasema alikuwa amelewa. Amri ile ya kuzima ilibaki kwenye diski moja tu ya mtambo.

Sekela akaichomeka kwenye Kifutio, akidhani ndiyo hiyo. Kioo kikaonyesha yaliyomo: *Mama Tusekile, hospitalini. Mama Tusekile, nyimbo za kulalia.* Haikuwa ya mtambo. Kwa haraka zake, Lugano alikuwa amebeba diski ya kumbukumbu za marehemu mkewe.

Kanuni ya kazi inataka fundi amsomee mteja orodha, naye ajibu "nimesikia".

"Nikusomee, Meneja?"

"Usisome chochote! Mtoto ataamka asikie. Bonyeza."

"Nauliza mara ya pili."

"Maringo gani haya? Bonyeza, nimesema!"

Akabonyeza, polepole, kama mtu anayelamba asali. Sifuri zikamiminika kiooni. *Nawe uonje,* akasema moyoni.

Mashine ikatema cheti chenye orodha ya vilivyofutwa. Lugano akakisoma, kisha akashika ukuta.

"Shemeji… hii siyo yenyewe."

"Yenyewe iko wapi?"

"Ofisini. Kwenye droo."

"Basi wakaguzi wataikuta."

Furaha aliyoingoja miaka miwili ikamjaa Sekela kifuani, ya moto kabisa, na akaiacha imjae. Begani kwa Lugano, Tusekile akainua kichwa, akafikicha macho.

"Baba, niwekee mama aimbe."