Ukurasa wa Farasi Mzee

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kasuku alifagia chini ya cherehani ya mama yake. Alianza na pini. Alipitisha sumaku iliyofungwa kwenye kijiti, nazo pini zikaidandia moja moja mpaka sakafu ikawa salama kwa miguu mitupu. Kisha alikusanya vipande vya vitambaa na kuvishindilia kwenye gunia lililokaa pembeni. Huku akifagia, midomo yake haikutulia. Alikuwa akirudia shairi la siku hiyo, la Kiingereza, mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

Jina la Kasuku alipewa na wanafunzi wenzake, kwa sababu alikuwa hodari wa kukariri. Mpe shairi leo, kesho atalimwaga lote bila kujikwaa. Alilipenda jina hilo. Hakuna aliyewahi kumkumbusha kwamba kasuku husifiwa kwa ulimi, si kwa akili.

Darasa lao lilikuwa na diwani ya mashairi ya Kiingereza, kitabu chenye jalada gumu la kijani, nakala moja kwa kila dawati. Waliokaa pamoja walipeana zamu ya kwenda nacho nyumbani. Kasuku alikichukua Jumatatu na Jumatano. Jumanne na Alhamisi kilikuwa cha mwenzake, binti wa dobi, ambaye shule nzima ilimwita Kobe. Ijumaa nakala zote zilirudi kwenye kabati la mwalimu na kufungiwa.

Kobe alisoma polepole. Aliweka kidole chini ya neno, akalitazama, akarudi nyuma, akainua mkono kuuliza maana yake. Wenzake walipiga miayo ya makusudi. Mwalimu mwenyewe, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kuchekesha, alikuwa akimwambia akifika mwisho wa ubeti awaamshe. Darasa lilicheka, na Kasuku alicheka kuliko wote, maana aliketi karibu.

Jumatatu moja mwalimu alitangaza kwamba mwanafunzi mmoja atachaguliwa kusoma shairi mbele ya wazazi. Shairi lenyewe lilikuwa ukurasa wa arobaini na tatu, kuhusu farasi mzee, na atakayelieleza vizuri zaidi siku ya Ijumaa ndiye atakayelisoma. Macho yote yakamgeukia Kasuku, naye akajiweka sawa kitini. Kisha mwalimu akauliza juu ya shairi la wiki iliyopita: kwa nini mshairi kasema kwamba mto umelala? Kasuku akasimama na kuurudia mstari ule ule, kwa sauti nzuri. Mwalimu akasema ameusikia mstari, anauliza sababu. Kasuku akaurudia tena.

Ndipo Kobe alipoinua mkono. Alisema, taratibu kama kawaida yake, kwamba wavuvi wa kwenye shairi wamekwisha kuhama, na mto usio na mtu wa kuuamsha ni kama nyumba iliyofungwa. Mwalimu aliweka chaki chini.

"Endelea," alisema.

Kobe akaendelea. Mwalimu akasema tena, endelea. Kasuku alikuwa amepewa sifa nyingi na mwalimu yule, lakini neno hilo hakuwahi kupewa hata siku moja.

Alasiri hiyo alirudi na kitabu na kukifungua kwenye meza ya kukatia nguo. Mama alikuwa amekwenda kumpima mteja. Kasuku alilisoma shairi la farasi mara tatu bila kuelewa kitu. Akaona Ijumaa inakuja, akamwona Kobe amesimama, akalisikia lile neno. Kesho yake kitabu kingekwenda kwa Kobe. Na kama ukurasa usingekuwepo? Yeye, Kasuku, angeazima kwa dawati lolote. Nani angemwazima Kobe?

Mkasi mkubwa wa mama ulikuwa hapo mezani. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria iliyojulikana kabla ya sala ya chakula: mkasi wa kitambaa haukati karatasi, maana karatasi hula makali. Kasuku aliuchukua. Aliukata ukurasa kwenye mshono wa kitabu, karibu kabisa, pasionekane. Nyuma ya ukurasa palikuwa peupe. Kisha, kwa hofu ya kukutwa nao, aliukata mstari mmoja mmoja, vipande kumi na sita, akavisukuma chini kabisa ya gunia la vitambaa.

Jumanne alimpa Kobe kitabu. Jumatano asubuhi, kabla hata ya wanafunzi kuketi, Kobe alikipeleka mbele na kusema kwamba ukurasa wa arobaini na tatu haupo. Hakulificha jambo hilo. Alidhani kwamba anayetoa habari ya hasara hawezi kushukiwa kuwa ndiye aliyeileta.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye mshono. Akamwuliza Kasuku kama alimkabidhi mwenzake kitabu kikiwa kizima.

"Kizima, mwalimu," alisema Kasuku.

Maneno mawili tu. Hayakuchukua muda wa kupiga chafya.

Mwalimu alimwambia Kobe aseme ukurasa uko wapi. Kobe alisema hajui. Akaulizwa tena, akasema hajui. Basi mwalimu alitoa hukumu: Kobe ataketi sakafuni nyuma ya darasa, bila kitabu, mpaka aseme. Na kwa kuwa darasa haliwezi kuaminiwa, diwani zote zitafungiwa kabatini, hakuna atakayesoma shairi lolote mpaka ukurasa upatikane. Ijumaa ile ikaahirishwa.

Hilo la mwisho ndilo lililowapandisha watoto hasira. Hata ambao hawakuyapenda mashairi waliona wamenyang'anywa kitu. Wakati wa mapumziko walimzunguka na kuimba kwamba Kobe kala karatasi. Walichana madaftari yao wakamtilia vipande kwenye chakula chake, wakimwambia ale, ashibe, atataga daftari. Siku moja Kasuku naye alikunja kipande akakidumbukiza kwenye chupa ya maji ya Kobe. Kobe alikitazama kikizama. Akayamwaga maji, akaisuuza chupa, akakaa na kiu mpaka jioni. Hakulia, na kwa kuwa hakulia, walizidisha.

Siku ya sita babake Kobe alikuja. Alikuwa mtu mrefu, mikono imekunjamana kwa sabuni. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akamwomba mwalimu radhi kwa kosa ambalo hakulijua, kisha akaumwaga mkoba wa binti yake sakafuni mbele ya darasa zima na kuupekua: daftari, kalamu, kitambaa cha mkono, kipande cha mkate. Hapakuwa na ukurasa. Mtoto mmoja akasema pengine ameshaupiga pasi, na darasa likapasuka kwa kicheko. Dobi alivirudisha vile vitu mkobani kimoja kimoja. Kobe alimsaidia. Hawakutazamana.

Kasuku alicheka pamoja na wengine.

Jumamosi mama yake alikuwa akijaza mito ya viti. Alimwaga gunia lote mezani, atenge pamba na nailoni. Kwa siku kadhaa alikuwa akilalamika kwamba mkasi unatafuna kitambaa badala ya kukikata, akimlaumu mnoa visu. Sasa mkono wake ulishika kitu kikavu chenye kuchakarisha. Akakivuta. Ukanda wa karatasi, wenye maandishi. Akavuta wa pili, wa tatu. Alivipanga kwenye kiganja, akauchukua mkasi, akaupitishia kidole gumba, akamwita binti yake.

Mama alimaliza shule ya msingi na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Lakini macho yake hayakuhitaji kutafsiriwa.

"Nisomee hiki," alisema.

Kasuku alisoma kwamba anasimama langoni.

"Nani anasimama?"

Kasuku hakujua.

"Lango la nani?"

Hakujua pia. Akaanza kusema kwamba ni karatasi za zamani tu, akaishia katikati. Mama hakuinua mkono wala sauti. Alivuta kiti, akaketi, akangoja kama anavyongoja uzi upite kwenye tundu la sindano. Mwishowe Kasuku alisema yote: neno la mwalimu, mkasi, Kobe sakafuni, chupa ya maji, dobi na mkoba. Kwenye habari ya dobi mama alifumba macho.

"Mzazi mwenzangu amemwaga mkoba wa mwanawe mbele ya watu," alisema, "na ukurasa umelala kwangu."

Alitandika kipande cha bafta, kitambaa cheupe chepesi, juu ya meza, akaweka gundi pembeni. Akamwambia Kasuku aushone ukurasa ule kwa mikono yake, mstari kwa mstari, wala hatanyanyuka mpaka uwe shairi.

Kwanza Kasuku alifuata vina. Mistari iliyofanana mwisho aliiweka pamoja na kuona kazi ni rahisi. Mama akamtaka aeleze kwa lugha ya nyumbani. Ikawa kwamba farasi anasimama langoni akingoja kurudi nyumbani, kisha anauzwa.

"Anangoja kurudi, naye hajaondoka?" aliuliza mama. "Huyo ni farasi wa ajabu. Panga tena."

Akapanga tena. Mara hii ilimbidi aulize kila mstari unasema nini, unatoka wapi, unakwenda wapi. Polepole, kidole chini ya neno, farasi alianza kuonekana. Alikuwa mzee. Alivuta gari la maziwa la familia moja miaka ishirini. Mgeni akamnunua, akampeleka ng'ambo ya kilima. Na kila jioni, wenzake wakila, yeye husimama langoni, kichwa kimeelekea barabarani, mpaka giza liingie. Kasuku alikuwa amelisoma shairi lile mara tatu bila kumwona mnyama huyo. Sasa hakuweza kuacha kumwona, na kila alipomtazama, kulikuwa na mtu mwingine ameketi nyuma yake, sakafuni.

Mistari miwili ilimshinda. Mmoja ulisema majani yalikuwa mengi, mwingine kwamba hakuna aliyempiga. Aliiweka kwenye beti za nyumba ya zamani, maana alidhani hiyo ndiyo sababu ya farasi kuitamani. Lakini haikukaa sawa, akaiacha bila gundi.

"Nani anajua inapokaa?" aliuliza mama.

Diwani zote zilikuwa kabatini. "Kobe," alisema Kasuku.

"Jifunge viatu."

Kwa dobi chumba kilikuwa cha mvuke. Kobe na babake walikuwa wakikunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake. Mama wa Kasuku alisalimia, akatandaza bafta juu ya meza ya pasi, kisha akarudi nyuma hatua moja, na Kasuku akabaki peke yake mbele yao. Alisema. Alipofika kwenye chupa ya maji sauti ilikatika, akaanza upya, maana mama hakumsaidia.

Dobi aliiacha shuka. Alimtazama binti yake. Yeye pia alikuwa amemhoji kwa ukali nyumbani.

Kobe alijifuta mikono, akainama juu ya kitambaa. Shairi hilo alikuwa amelisoma zamani, kabla halijatajwa darasani, tena mara nyingi. Aliitoa ile mistari miwili kwenye nyumba ya zamani na kuiweka kwenye nyumba mpya.

"Majani mengi ni huku," alisema, akigusa ubeti wa tatu. "Hakuna aliyempiga ni huku. Kule alikotoka alikuwa na njaa. Lakini anatazama kule." Akagusa ubeti wa mwisho. "Mshairi hasemi kwamba ana huzuni. Anasema tu amesimama wapi."

Kisha akashika tena ncha za shuka na kumwambia babake wamalizie.

Jumatatu mwalimu alipopokea ile bafta mikononi mwa mama wa Kasuku alipauka. Akapendekeza kwamba jambo hilo walimalize ofisini, watoto wasivurugike. Mama alisema kwa heshima kwamba mtoto wa watu amechafuliwa darasani, basi asafishwe darasani. Alisimama pale pale mlangoni aliposimama dobi.

Kasuku alisema mbele ya wote. Hakumaliza kabla hawajaanza kumwimbia wimbo ule ule, Kasuku kala karatasi, kwa furaha ile ile, kana kwamba wimbo haukujali unamwimba nani. Alimtazama mama. Mama hakuwanyamazisha. Mwalimu ndiye aliyewanyamazisha, kisha akaenda mpaka nyuma ya darasa, akachuchumaa mbele ya Kobe.

"Nilikuhukumu kwa kuwa ilikuwa rahisi kukuhukumu," alisema. "Na hawa mzaha walijifunza kwangu. Nisamehe."

Alimrudisha kwenye dawati, akafungua kabati, akamwomba alisome shairi la farasi, na kusema ndiye atakayelisoma mbele ya wazazi. Kobe alilisoma kwa mwendo wake, kidole chini ya neno. Hakuna aliyepiga miayo. Ubeti wa mwisho ulipokwisha, hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Kasuku alimwomba radhi. Kobe alisema amesikia. Kisha akamwomba mwalimu ruhusa ya kuhamia dawati lingine, akapewa.

Kasuku alimkimbilia mama ukumbini, machozi yakimtoka, akauliza kwa nini hakusamehewa ilhali amesema kweli yote.

"Ulipomuumiza hukumwuliza yuko tayari lini," alisema mama. "Basi na kupona kwake usimpangie siku. Kazi yako ni kusema kweli leo, na kesho, na keshokutwa, hata kama hakuna anayekupongeza. Mungu ameona gunia kabla yangu. Na kitabu ukikishika, mwanangu, usikimeze. Uliza huyu anayesema ana nini moyoni. Anayezoea kuuliza hivyo kwenye karatasi, atauliza hivyo kwa mtu. Siku ile ya kwanza, ungemtazama mwenzako sakafuni mara moja tu, kama ulivyomtazama yule farasi, tusingefika hapa."

Akamfuta uso kwa ncha ya kanga, akamgeuza mabega, na kumrudisha darasani, kwenye dawati la mtu mmoja.