Kinyozi Aliyeishiwa Maneno

Asubuhi nyumba ilikuwa na kelele. Wajukuu waligombania beseni. Mkwe aliuliza funguo ziko wapi, na zilikuwa mfukoni mwake. Kisha mlango ukafungwa, wote wakaenda zao. Kinyozi akabaki peke yake kwenye kiti cha dirishani.

Zamani alikuwa na duka la kunyoa. Mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi. Alijua nani kaoa na nani kaachwa. Halafu mkewe akafariki. Magoti yakakaza, duka likafungwa, akahamia kwa binti yake. Wateja waliomwita ndugu hawakuja hata kumjulia hali.

Watu husema mzee akinyamaza anapumzika. Huyu hakuwa anapumzika. Alikuwa anaisha.

Jioni moja binti alikuta sahani ya mchana haijaguswa.

"Baba, hujala tena?"

"Wapeni wanaofanya kazi."

"Baba!"

"Nasema kweli, mwanangu. Mimi ni mzigo. Mungu angenichukua, mngepata nafasi."

Binti alikwenda jikoni, akafungua bomba la maji ili kilio chake kisisikike. Kilisikika.

Kesho yake alimweleza jirani yao, muuguzi. Muuguzi alikuja, akavuta kigoda, akakaa karibu na mzee.

"Shikamoo, baba. Magoti yanasemaje?"

"Marahaba. Yamekufa kabla yangu."

"Hayajafa. Mwili usiotumika hukaza. Ukikaza, unaogopa kutembea. Usipotembea, unakaza zaidi. Na mtu akikaa na upweke mno, hamu ya kula hupotea, hata hamu ya kuishi. Huo si uzee, baba, ni ugonjwa, na una msaada. Mawazo ya kutaka kufa usiyafiche. Tutamwona daktari. Halafu kuna kikundi cha mazoezi pale kituo cha jamii, watu wa rika lako. Wengine hufanya wakiwa wamekaa."

"Nitafanya mwenyewe hapa hapa."

"Kinyozi hajinyoi. Hilo nikufundishe mimi?"

Mzee akakubali kwenda kwa daktari.

Daktari alimpima moyo na presha, akaongea naye kwa muda mrefu, akamruhusu kuanza polepole.

Ukumbi wa kituo ulikuwa na sakafu ya saruji na viti vya plastiki. Mwalimu, dada mwenye filimbi shingoni, alimpanga kinyozi na dereva mstaafu wa lori. Wenzake walimwita Honi kwa sababu ya sauti yake kubwa.

"Pigeni hatua mahali mlipo," mwalimu alisema. "Kila mtu aongee na mwenzake. Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, acha, niite."

Honi alianza na matairi, akahamia kwa wakwe zake. Kinyozi alipiga hatua, akatafuta neno la kujibu. Hakulipata. Mwalimu aliona midomo yake imefungwa, akaja mbio.

"Mzee, umezidiwa! Kaa!"

Ukumbi mzima ukageuka. Hakuwa amezidiwa. Alikuwa hana la kusema, yeye ambaye maneno yalikuwa mtaji wake. Alikaa huku aibu ikimtafuna.

"Sirudi," alimwambia binti yake. Binti hakubishana. Alikuwa amechoka, na matumaini yalikuwa yamemwishia.

Siku ya mazoezi iliyofuata, mzee alibaki kitini. Mchana mlango uligongwa kama unataka kuvunjwa.

"Wewe mzee!" Alikuwa Honi, bado anahema. "Leo nimeongea na ukuta! Ukuta hauna adabu, haujibu."

"Hata mimi sijibu."

"Lakini unasikiliza." Sauti ya Honi ikashuka. "Kwangu hakuna mtu. Nikitoka kituoni siongei na binadamu mpaka siku nyingine ya mazoezi. Wewe una watu hapa. Mimi nina redio."

Kinyozi alimtazama. Alidhani ni yeye peke yake duniani. Kumbe hata kelele zile zilikuwa upweke.

Akarudi kituoni. Hatua moja, nyingine. Honi alinyamaza, akamngoja.

"Mke wangu," kinyozi alisema hatimaye, "alikuwa akinikatiza kila hadithi. Sasa nikianza, nangoja anikatize. Hanikatizi. Basi nashindwa kuendelea."

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Machozi yalimtoka, miguu ikiendelea.

"Pole sana, ndugu yangu," Honi alisema. "Basi nitakukatiza mimi. Kwa hilo nina kipaji."

Kinyozi alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Huzuni haikuisha. Ziko asubuhi ambazo bado anakaa ukingoni mwa kitanda na hataki kusimama. Daktari bado anamwona. Lakini magoti yanakunjika, na sahani hairudi imejaa.

Juzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Binti alimkuta baba yake mlangoni, amevaa viatu.

"Baba, mvua yote hii? Pumzika leo."

"Siwezi, mwanangu," alisema, akichukua mwavuli. "Kuna mtu ananingoja."