Kijumba cha Paka Kutoka Nosy Be

Haya yalimpata rafiki yangu Echa, mtu wa mtaa wa Ampisikina, mjini Mahajanga, Bukini, enzi za Wafaransa. Mumewe, Soilihi, alirudi kutoka kazini kwa Wafaransa kisiwani Nosy Be na kijumba cha mbao cha paka, alichopewa na bibi wa Kifaransa aliyekuwa akihama. Kilijaa manyoya, kinanuka mkojo.

“Fazul ana pumu, nawe unamletea mwanao uchafu wa wakubwa zako!” Echa alifoka.

“Kioshe tu, Mama Fazul. Paka wetu atalala humo.”

Kwa hasira alichoma kigodoro kilichokuwa ndani, akakisugua kijumba uani kwa maji moto na sabuni, akakipaka maji ya javeli kuua vijidudu, akakisuuza, akakianika juani mpaka kikakauka. Alasiri mawingu ya mvua yalipotanda, akakiingiza ghalani, akatia komeo.

Punde akasikia mkwaruzo wa polepole gizani mwa ghala.

“Nani kamfungia paka?” akapiga kelele.

Lakini paka wao alikuwa miguuni pake, manyoya yamemsimama.

Echa akafungua mlango kwa kishindo. Hapakuwa na kiumbe. Upande wa ndani wa mlango palikuwa na alama mbichi za kucha, unga wa mbao bado ukidondoka, nazo zilianzia juu ya kimo cha kichwa chake.