Kompyuta ya Lita Kumi

Soko la Kasongo limeona mengi, lakini mwanamume anayepima bidoni, yale madumu ya mawese, kwa futi ya fundi cherehani lilikuwa halijamwona. Jumamosi ile alikuwa amechutama mbele ya wamama wauza mafuta, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, viatu vimejaa vumbi la safari. Alipima urefu, akapima upana, akapima kimo, kisha akaandika katika daftari la shule. Wamama walikuwa wamemcheka mpaka wamechoka.

Emilienne alikuwa amefuata mawese ya nyumbani, na mtu huyu alikuwa amemzibia njia.

"Papa, hiyo bidoni unaishonea suruali?"

Mwanamume hakuinua kichwa. "Ngoja kidogo, dada. Natafuta kujua kama naweza kuibeba mugongoni juu ya pikipiki."

"Mawese?"

"Kompyuta. Kasha lake wameandika ni la lita kumi. Na lita kumi mimi naijua ni hii."

Wamama wakaanza kucheka upya. Emilienne naye alicheka, halafu akanyamaza. Katika Kasongo nzima mtu aliyejua kwamba makasha madogo ya kompyuta hupimwa kwa lita alikuwa mmoja, naye ni yeye. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, alikotengeneza simu, alikochapa barua za watu na kupiga fotokopi, na tangu atoke masomoni Bukavu hakuna aliyewahi kumzungumzia habari hizo. Wengi walimletea simu zilizoanguka chooni.

"Hizo lita ni za ujazo wa kasha zima," alisema. "Kasha linaweza kuwa refu na jembamba, lita zikabaki kumi. Hiyo bidoni haikuambii kitu. Nani atakufungia hiyo mashine?"

"Fundi wake bado sijamuona."

"Umekwisha kumuona. Sasa inuka, nipite."

Aliitwa Iliasi, mtu wa Kabambare. Alikuwa na ukumbi wa kuonyesha mpira na paneli za jua nane juu ya bati. Vijana wa kwao walikuwa wameona katika simu jinsi michezo ya siku hizi inavyong'aa, na akiwawekea picha za ukungu walikuwa wanatoka wakitukana. Kwa hiyo alitaka mashine ya michezo yenye nguvu za kweli, halafu iwe ndogo, ili siku za soko aipakie mgongoni aende nayo hadi Wamaza.

"Unataka tembo akae katika tenga la kuku," alisema Emilienne.

"Ndiyo. Na asilie."

Vipande vyenyewe vingeletwa na Nourdine, mchuuzi aliyekuwa akienda Dubai mara mbili kwa mwaka. Alikuwa anaondoka baada ya wiki tatu. Kipande kikikosewa hakuna kurudisha, utakaa nacho kama mtoto wako. Iliasi akafikia kwa mjomba wake, na kila siku baada ya sala ya alasiri akawa anakuja kibandani na daftari lake.

"Tuchukue hii," alisema siku moja, akionyesha kadi ya picha katika simu. Ndicho kipande kinachochora mchezo kwenye kioo, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote. "Iko na feni tatu. Iko muzuri sana."

"Iko muzuri na iko ndefu. Sentimeta thelathini na tatu. Kasha letu linapokea thelathini na moja."

"Letu?"

"Lako. Usinikate maneno. Halafu ni nzito. Umesahau barabara yenu? Kadi nzito hivyo inaning'inia ndani, pikipiki inaruka mashimo, kabla ya kufika Wamaza imekwisha kuvunja pahali ilipochomekwa. Chukua hii ya feni mbili. Fupi, imetulia."

"Kama wewe."

"Mimi ni mufupi?"

"Nilitaka kusema umetulia."

"Ungeanza na hilo."

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, waliyoitaka mwanzo ilikuwa inakula wati nyingi mno. Emilienne akapiga hesabu ya paneli nane na betri zake, akaikata, akachagua nyingine yenye nguvu karibu sawa na njaa nusu. Kipoza cha kukaa juu yake kisingepita sentimeta tano, la sivyo mlango wa kasha usingefunga. Iliasi aliandika yote, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyechapwa shuleni.

Wiki ya pili ilipoisha, orodha ilikuwa imekamilika. Emilienne alijua. Hakusema. Alisema waya za umeme ni fupi, waangalie nyingine. Alisema diski ile inapata joto. Alisema memori ni ndefu, ingawa haikuwa ndefu hata kidogo. Maana mashine ikikamilika, mtu huyu angeipakia mgongoni na kurudi Kabambare, naye angebaki na simu za chooni. Alimpenda, basi. Hapakuwa na haja ya kuzunguka, na bado alizunguka mpaka siku Nourdine alipokuja mwenyewe kibandani kuuliza kama wanangoja Kiama.

Iliasi akarudi kwao kungoja. Ikabaki simu.

"Allô, fundi. Nimeota kadi ya picha."

"Saa saba za mchana unaota?"

"Ilikuwa imevaa kikwembe cha kijani."

"Mimi niko na kikwembe cha kijani."

"Kumbe!"

"Iliasi, wewe ni muongo."

"Muongo gani? Nimepanda kilima kizima kutafuta réseau ya simu nikuambie. Mutu wa uongo angebaki chini."

Zikapita wiki saba. Nourdine alipofika na vipande, Iliasi alifika kesho yake, kanzu mpya, kofia mpya, viatu vile vile. Emilienne alikuwa amevaa kikwembe cha kijani na kusuka nywele, na alipoulizwa na jirani kama kuna harusi alijibu kuna kazi. Wakafungua maboksi mezani. Kila kitu kilikuwa sawa. Kadi ya feni mbili iliingia ikabakiza upana wa kidole. Prosesa ikakaa mahali pake. Vichwa vyao vilikuwa karibu, na Iliasi alishikilia taa ya simu.

Hapo ndipo mama yake Emilienne, Mama Marie-Thérèse, alipopiga hodi na chungu kichwani. Alikuwa ameleta bugali, sombe la majani ya muhogo, na samaki wa mto Lualaba, maana habari za kijana huyu alikuwa amezisikia miezi miwili na alitaka kumwona.

"Iliasi, huyu ndiye mama," alisema Emilienne.

Iliasi aligeuza uso ukutani. Akaweka taa mezani, akatoka kwa mlango wa nyuma, mbiombio, bila jambo, bila samahani. Chungu kilikuwa bado hakijafunguliwa.

Mama aliangalia mlango, akaangalia chungu, akasema ana haraka, akaenda zake. Emilienne alibaki amesimama. Aliona jambo moja tu: Mwislamu amekataa chakula kilichopikwa na Mkristo, tena mbele ya macho ya aliyekipika. Hasira ilimpanda. Akapiga simu.

"Umemufanyia nini mama yangu?"

"Nimemuheshimu."

"Kwa kumupa mugongo?"

"Emilienne, wewe unajua kwa nini nimetoka."

"Najua sana! Kesho njoo uchukue vitu vyako."

"Ndilo jibu lako?"

"Ndilo."

Asubuhi akaja. Alifunga vipande katika magunia ya mchele, kimoja kimoja, akasema asante kwa kazi, akapanda pikipiki. Emilienne hakutoka nje. Alikuwa anafungua simu ya mtu, na ile simu ilimfia mikononi.

Wiki mbili zikaenda hivyo. Hakupiga, wala hakupigiwa. Usiseme hakulia, alilia, lakini kwa ratiba, baada ya kufunga kibanda. Siku moja mama yake alikuwa uani anatwanga sombe, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Yule kijana wazee wake wanakuja lini?"

"Kijana gani? Yule asiye na adabu?"

"Nani hana adabu?"

"Mama! Si alikupa mugongo? Si alikataa chakula chako?"

Mchi ulisimama. "Alitoka mulango gani?"

"Wa nyuma."

"Na uso aliuelekeza wapi?"

"Ukutani."

Mama Marie-Thérèse alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Wewe na diploma zako, weee! Kwa watu wa desturi, kule kwao na hata kwetu zamani, mwanaume hali mbele ya mama mukwe wake. Hamuangalii usoni, akimuona anapisha. Baba yako aliponiona na mama yangu njiani, aliingia katika shamba la mpunga na viatu vyake vya kanisa. Yule mutoto wa watu amekuposa, Emilienne. Na wewe umemufanya nini?"

Emilienne aliketi chini karibu na kinu.

"Mimi nilifikiri umejua," mama aliendelea. "Nimekwisha kumuambia baba yako atafute viti vya wageni."

Ndilo jibu lako? Iliasi alikuwa amemuuliza vile, na yeye akamjibu ndilo. Aibu ilimshika shingoni, na nyuma ya aibu ikaja furaha, na zote mbili zilikosa pa kukaa. Alipiga simu mara sita. Haikupatikana. Akaenda kibandani, akafungua droo, akakuta tyubu ndogo ya dawa ile ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite. Iliasi alikuwa ameisahau. Bila hiyo mashine haitafika mbali. Sababu ikapatikana, na alfajiri akakodi pikipiki.

Barabara ya Kabambare haina la kusimuliwa, anayeijua anaijua. Alifika jua limeinama, kikwembe chekundu kwa vumbi, mgongo haumsikii. Nje ya ukumbi vijana kama ishirini walikuwa wamekaa chini wamenuna. Ndani, Iliasi alikuwa ameinamia kasha lililo wazi.

"Vijana, nimesema mungoje."

"Mimi si kijana."

Iliasi aliinuka ghafla, bisibisi ikaanguka. Walitazamana. Hakuna aliyejua aanzie wapi, basi wakaanza na kazi.

"Inazimika," alisema. "Kila dakika tano."

Emilienne alifungua kipoza. "Umepaka nini hapa?"

"Grisi."

"Ya pikipiki?"

"Katika kitabu wamechora kitu kinachopakwa. Sikukiona katika maboksi."

"Mungu wangu, Iliasi." Alifuta grisi kwa ncha ya kikwembe, taratibu, mpaka chuma kikang'aa. Akaweka dawa kiasi cha punje ya mchele, akarudisha kipoza, akakaza skrubu. Wakawasha. Kioo kikubwa kikajaa uwanja wa kijani, majani yanaonekana moja moja, na mlangoni vijana wakasimama wote. Pembeni ya picha palikuwa na namba ya joto. Walikaa wakiiangalia ikipanda: hamsini, sitini, sitini na nne.

"Mama anakusalimia," alisema Emilienne.

"Amekasirika?"

"Amecheka. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika kwa ajili yake, na yeye anatafutisha viti."

"Mimi nilifikiri umenikataa."

"Ningekukataa vipi? Sikujua nimeulizwa."

Namba ilifika sitini na sita, ikakaa hapo.

"Sasa umejua," alisema Iliasi.

"Nimejua kwa kuambiwa na mama. Iliasi, mama yangu ulimuuliza kwa miguu. Mimi niulize kwa mudomo."

Iliasi aliangalia mlangoni. Macho arobaini. "Hapa? Desturi ni wazee kwanza."

"Hapa. Nimekaa juu ya pikipiki kutoka alfajiri."

"Na kanisa lenu?"

"Wewe utasali kwako, mimi nitasali kwangu. Baba nimemuambia jana. Aliuliza kama unajua kutengeneza redio."

Iliasi alifuta mikono kwenye suruali iliyokwisha kuharibika kwa grisi. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi aanze upya. "Emilienne. Nakupenda. Nataka nikuoe. Unanikubali?"

Alimngojesha kidogo, kwa haki yake. Wiki mbili zile hazikuwa bure.

"Nakukubali. Lakini kibanda changu hakihami Kasongo."

"Basi nitahama mimi. Huu ukumbi ndugu yangu anaujua kuliko mimi."

Vijana wakapiga kelele, wachache kwa ajili ya mapenzi, wengi kwa ajili ya mchezo, wakaingia ndani wakigombea nani ataanza. Iliasi alimshika Emilienne mkono, akamtoa nje penye hewa.

"Wazee wangu watakuja mwezi ujao," alisema.

"Waje. Wazungumze, wakule mbuzi, waone wao ndio wameposa. Lakini wewe ujue jibu umelipata leo, na limetoka kwangu."

Iliasi akasema amejua.