Nakala ya Sauti ya Mbithe

Kila Jumapili baada ya kanisa, Mwelu huketi jikoni na bibi yake, huko Kalama. Humwita Susu. Susu hufungua leso na kutoa simu ya marehemu Mbithe, mama yake Mwelu. Husikiliza ujumbe mmoja.

"Mwelu, anika mahindi ya kupikia muthokoi. Ukiona wingu, ingiza ndani. Usingoje kuitwa."

Neno la mwisho likitoka, Susu huzima upesi.

"Mara moja tena, Susu."

"Hapana. Sauti itaisha, kama kanda zetu za redio zilivyoisha."

Jumapili moja waliona betri imevimba. Imeinua kifuniko cha simu. Susu aliirudisha simu kwenye leso.

"Hii ikifa, nitamsikia wapi?"

Wiki hiyo, Mwalimu Musili aliwapima wanafunzi ujuzi wa teknolojia. Hakuwauliza majina ya vifaa. Aliwapa kazi: rekodi sauti yako, ihifadhi, kisha weka nakala kwenye kompyuta ya shule.

Mwelu alirekodi kabla ya wenzake. Kisha akakwama.

"Si wewe ni bingwa wa video?" Lenny akamtania.

"Na wewe umesahau nywila yako. Nyamaza."

Mwalimu alisogea. "Kubonyeza unajua, Mwelu. Kuhifadhi bado. Ndiyo sababu ninawapima, nijue nianzie wapi kuwafundisha."

"Mwalimu, ukitoa nakala, sauti ya kwanza inapungua?"

"Haipungui. Hata ukiisikiliza kila siku, haichakai. Lakini simu ikiharibika na hakuna nakala, sauti inaweza kupotea."

Mwelu alimweleza kuhusu simu ya mama.

"Betri iliyovimba usiichaji," Mwalimu alisema. "Wala usiifinye. Mpelekee fundi aibadilishe. Kisha ulete simu hapa."

Susu alikubali kwa shida. Fundi alibadilisha betri. Shuleni, Mwalimu alimwonyesha Mwelu hatua, kisha akafuta nakala aliyoitengeneza.

"Sasa fanya wewe."

Mwelu akafanya. Aliweka nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye simu ya Susu.

Jioni hiyo Susu aliuliza, "Na ile ya kwanza iko?"

"Iko."

"Basi weka tusikilize."

Safari hii hakuna aliyezima. Baada ya maneno, Mbithe alisikika akihema, na kokoto zikilia chini ya viatu vyake.

"Anapanda kilima cha hapo kwetu," Susu alisema polepole. "Alikuwa karibu kufika."

"Niweke tena?"

"Weka, mwanangu."